Kazi ya Msaidizi wa Mwanafunzi Asiyeona

Mara nyingi mambo huenda hivi. Sanduku huletwa shuleni kutoka mbali, limefungwa vizuri kwa kamba. Ndani yake mna vyombo vya kuwasaidia wanafunzi wenye ulemavu: vibao vya kuandikia nukta nundu, fimbo nyeupe, pengine mashine ya kuandikia yenye vitufe sita, pengine kompyuta. Wakubwa hukusanyika, hotuba hutolewa, watu hupiga makofi. Kisha vyombo hutiwa kabatini, na ufunguo hutunzwa na mkuu wa shule ili visiibwe. Ukipita mwaka mmoja, visindano vimeshika kutu, na yule mtoto kipofu aliyepigwa picha akiwa ameishika mashine bado ameketi nyuma ya darasa, akisikiliza tu.

Nani amekosa? Aliyeleta sanduku hakukosa, kwani alitoa kitu chema. Mkuu wa shule naye alilinda mali kama ilivyompasa. Kilichokosekana ni mtu, yaani msaidizi aliyefunzwa kuvijua vyombo hivyo na kuvifikisha mkononi mwa mtoto.

Neno msaidizi hapa lisidhaniwe kuwa cheo kikubwa. Katika shule zetu msaidizi aweza kuwa mlinzi wa bweni, au mtunza maktaba, au kijana alipwaye kidogo ili amsomee mwenzake, au dada wa mwanafunzi, au mkatekista, au hata mwanafunzi aketiye naye dawati moja. Mwalimu ana watoto wengi mbele yake. Hawezi kukaa saa nzima karibu na mmoja. Msaidizi ndiye akaaye karibu. Basi asipofunzwa, huruma yake yaweza kuleta hasara, kama tutakavyoona.

Jambo hili lina uzito wake katika Kisangani na mkoa wote wa Tshopo. Nchi hii ni nchi ya mito iendayo kasi, na katika maji ya namna hiyo huzaliana usubi, inzi mdogo mweusi aumaye watu mchana. Akimwuma mtu mwenye ugonjwa kisha akamwuma mwingine, huhamisha vijidudu vya mnyoo mwembamba sana. Vijidudu hivyo husambaa katika ngozi na kuifanya iwashe, na vikifika machoni huharibu kuona polepole, mwaka hata mwaka. Dawa ya Mectizan, itolewayo bure na wenye kuitengeneza tangu mwaka 1987, huviua vijidudu hivyo, na kila mwanakijiji apaswaye kuimeza na aimeze kila inapogawiwa. Lakini dawa haiwezi kurudisha macho yaliyokwisha kuharibika. Tena wako waliozaliwa vipofu, na waliopata upofu kwa surua au kwa ajali. Hao wote wana akili za kusoma kama wengine.

Sheria nayo imesema. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu yalipitishwa mwezi Desemba 2006, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nayo mwaka 2015. Kifungu cha 24 chahusu elimu. Hakikutaja walimu peke yao. Kimetaja pia kufunza wafanyakazi wa ngazi zote za shule, ili wajue njia na vyombo vifaavyo kwa wanafunzi hao. Mwezi Mei 2022 nchi ikatoa sheria yake yenyewe ya kuwalinda watu wenye ulemavu na kukuza haki zao. Mwezi huohuo Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF walitoa taarifa kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wahitaji chombo kimoja au zaidi cha kuwasaidia, kama miwani, kiti cha magurudumu au kifaa cha kusikilizia. Katika nchi tajiri karibu wote wahitajio hupata. Katika nchi nyingine maskini hupata watu 3 tu katika kila 100.

Shirika hilo limeandaa pia masomo ya kuwafunza wahudumu wa kawaida, yanayopatikana bila malipo katika intaneti. Mafunzo hayo hushika njia ya hatua nne: kuchagua chombo pamoja na mwenye kukitumia, kukilinganisha na mwili wake, kumfundisha kukitumia, na kurudi baadaye kuona kinavyomfaa. Njia hii ni nzuri kwa sababu inaonyesha kwamba kutoa chombo siyo mwisho wa kazi. Shule nyingi hufanya nusu ya hatua ya kwanza, kisha hufunga kabati.

Tena katika hatua ya kwanza kosa ni lilelile kila mahali: mwanafunzi haulizwi. Wakatekumeni wameisikia habari ya kipofu wa Yeriko. Umati wa watu ulimkaripia anyamaze. Lakini Bwana alimwita, akamwuliza anataka atendewe nini, ijapokuwa upofu wake ulikuwa wazi mbele ya wote. Msaidizi naye aanze kwa kuuliza. Mwanafunzi aliyebakiwa na kuona kidogo, kama walivyo wengi, pengine hataki nukta nundu kwanza. Ataka kukaa karibu na dirisha, kuandikiwa kwa kalamu nene nyeusi, na kupewa kioo cha kukuzia herufi. Asiyeona kabisa atataka jambo jingine. Msaidizi hawezi kulijua kwa kumtazama usoni.

Sasa tukitazame chombo chenyewe, na tuanze na kile kidogo kuliko vyote, kibao cha nukta nundu. Hiki ndicho kifaacho zaidi Kisangani, kwa kuwa hakihitaji umeme. Kila mkazi wa mji ajua jinsi umeme wa mto Tshopo unavyokatika. Kituo chake kilijengwa katika miaka ya 1950 kwa mji uliokuwa mdogo kuliko huu wa leo.

Kibao ni vipande viwili vya chuma au vya plastiki vilivyounganishwa kwa bawaba. Karatasi nene hutiwa katikati. Kipande cha juu kina madirisha madogo yaliyopangwa kwa mistari, na katika kila dirisha mna nafasi ya nukta sita, tatu upande mmoja na tatu upande wa pili. Mwandishi hubonyeza karatasi kwa kisindano bila kuipasua, na nukta huvimba upande wa chini. Basi ili kuisoma, lazima karatasi igeuzwe. Kwa sababu hiyo mwandishi huanza kuume akaenda kushoto, na kila herufi huiandika imegeuka, kama uso uonekanavyo katika kioo.

Hapo ndipo msaidizi asiyefunzwa hukwama. Herufi h iliyosahauliwa kugeuzwa husomeka j, na i husomeka e. Basi akiandika neno "hii" bila kugeuza herufi zake, mtoto atakayelisoma kwa vidole atakuta "jee". Vivyo hivyo d hugeuka f. Mtoto atadhani yeye ndiye mjinga, kumbe mjinga ni mwandishi. Wako watoto walioachishwa masomo ya nukta nundu kwa makosa ya namna hii, ikasemwa kwamba vidole vyao ni vizito.

Aliyevumbua maandishi haya alikuwa kijana kipofu, Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na mtoto alijichoma jicho kwa chombo cha kazi alipokuwa na miaka mitatu. Mwaka 1819 alipelekwa Paris katika shule ya vipofu, na mwaka 1824, akiwa na miaka 15 tu, alikuwa amekwisha kupanga herufi zake za nukta sita. Mwaka 1829 zikachapishwa. Je, shule ilizipokea kwa furaha? Hapana. Wakubwa wenye macho walipenda herufi zinazofanana na zile wazijuazo wao, wakayazuia maandishi ya nukta kwa miaka. Wanafunzi vipofu wakafundishana wenyewe kwa siri. Shule iliyakubali rasmi mwaka 1854, na Louis Braille alikuwa amekufa miaka miwili kabla yake. Miaka 25 ilipotea tangu kuchapishwa, na chombo kilikuwepo wakati wote.

Herufi yenyewe w haikuwamo katika mpango wa kwanza, kwa sababu Kifaransa cha siku zile hakikuihitaji, iliongezwa baadaye. Kiswahili kingefanya nini bila w? Hata jina la Wagenia, wavuvi wa maporomoko, lisingeandikika. Tena Kifaransa kina herufi zenye alama juu, nazo zina nukta zake mbali, ambazo Kiswahili hakizitumii. Mwanafunzi wa Kisangani asomaye lugha zote mbili apaswa kuzijua, na msaidizi wake vilevile, la sivyo ataziona kama makosa na kuzifuta.

Nani basi amfunze msaidizi? Mtu bora ni kipofu mwenyewe ajuaye kusoma na kuandika. Wenye shule hupenda kumwita mgeni mwenye vyeti, wakamsahau mzee kipofu akaaye mtaa wa pili, aliyesoma nukta nundu miaka 30 iliyopita na angali akiandika barua zake. Mzee huyo atamwonyesha msaidizi mambo yasiyo katika kitabu: namna ya kuligusa neno kwa wepesi bila kulisugua, namna ya kuweka kidole cha mkono wa kushoto mwanzo wa mstari ujao, namna ya kujua kwa sauti kama kisindano kimebonyeza au kimepasua.

Atamwonyesha pia jambo la mkono. Msaidizi asiyejua hukamata mkono wa mtoto kwa juu na kuusukuma juu ya nukta, kama mtu anayeburuta mbuzi. Mkono uliokamatwa hauhisi kitu, hujikaza tu. Aliyefunzwa huomba ruhusa kwanza, kisha huweka mkono wake chini, na mtoto huweka wake juu. Hivyo mtoto hufuata akitaka na huacha akitaka. Njiani ni vivyo hivyo: kipofu hushika kiwiko cha msaidizi na kutembea nusu hatua nyuma yake, hasukumwi mbele kama toroli. Wakifika mtoni kuvuka kutoka Lubunga, msaidizi husema mtumbwi u wapi na ukingo wake una kimo gani, kisha mwanafunzi mwenyewe huugusa kwa mkono na kuingia.

Tuje sasa kwenye simu, maana siku hizi simu imefika hata vijijini. Simu nyingi za kugusa kioo zina sauti ndani yake isomayo yaliyoandikwa, wala hainunuliwi mbali. Yatosha kuiwasha katika mipangilio. Kompyuta nayo yaweza kutiwa programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili vipofu wa Australia, Michael Curran na James Teh, nayo hutolewa bure. Yaweza kusoma Kifaransa na Kiswahili, ingawa Kiswahili chake ni kama cha mgeni aliyefika juzi.

Lakini sauti ikiwashwa, simu hubadili tabia. Kugusa mara moja hakufungui kitu tena. Husema tu jina la kilichoguswa. Ili kufungua lazima kugusa mara mbili upesi, na ili kusogeza ukurasa lazima vidole viwili. Msaidizi mwenye macho asiyejua hayo huichukua simu, hugusa, haoni kitu kikifunguka, husema imeharibika, kisha huizima ile sauti. Kwa tendo hilo moja amemzimia mwenzake taa. Wako vipofu waliokaa majuma na simu iliyo kimya kwa sababu hakuna nyumbani aliyejua kuirudisha. Kwa hiyo katika mafunzo, siku ya kwanza kabisa, kila msaidizi aiwashe na kuizima sauti hiyo mara nyingi, mpaka vidole vyake vizoee.

Darasani mwanafunzi atie kisikilizio katika sikio moja tu. Sikio la pili ni la mwalimu.

Jambo la mtihani ni gumu zaidi, maana hapo chombo ni msaidizi mwenyewe. Tuchukue mfano. Msichana asiyeona wa mtaa wa Mangobo aingia kwenye mtihani. Karatasi haikuandikwa kwa nukta nundu, basi amepewa msaidizi wa kumsomea maswali na kumwandikia majibu. Swali la nne ajibu vibaya. Msaidizi, ajuaye jibu lililo sawa, amhurumia. Anyamaza kidogo, kisha arudia swali kwa sauti ya kuonya. Msichana aelewa, abadili jibu. Msaidizi aona ametenda wema.

Hakutenda wema. Amemwibia msichana kitu ambacho hakitarudi, yaani uhakika kwamba alama zile ni zake. Siku matokeo yatakaposomwa, jirani watasema, "Alifanyiwa," na yeye mwenyewe hatakuwa na la kujibu. Wala msaidizi wa namna ya pili si bora, yule asomaye upesi kwa kuchoka, au arukaye mchoro akisema "hapa pana picha tu," na hivyo kumnyima swali zima. Msaidizi aliyefunzwa husoma kwa sauti moja, maneno yote, tangu mwanzo hata mwisho, na hurudia mara zote aombwazo. Mchoro huueleza kama ulivyo: mistari mingapi, herufi zipi kwenye pembe. Huandika lile aliloambiwa, hata likiwa kosa. Kisha humsomea mwanafunzi jibu lake mara moja na kumwuliza kama ndilo. Haya hayaji yenyewe. Yahitaji kuzoezwa kabla ya siku ya mtihani, wawili hao wakiwa pamoja, kwa karatasi za miaka iliyopita.

Walio na ulemavu mwingine nao wana haki ya somo lao, na hapa litagusiwa tu. Kiti cha magurudumu kisicholingana na mwili huleta vidonda vya makalio, na vidonda hivyo vimeua watu. Msaidizi atazame mto wa kukalia, mahali pa miguu, na ngozi yenyewe akiruhusiwa, na akumbuke kwamba mtoto hukua lakini kiti hakikui. Baiskeli ya magurudumu matatu iendeshwayo kwa mikono ina mnyororo, spoku na mipira kama baiskeli nyingine. Basi mafundi wa toleka, ambao Kisangani haikosi, waweza kuitengeneza, nao wahesabiwe kuwa wasaidizi. Kifaa cha sikioni huogopa maji na jasho. Katika mji wa mvua kama huu kilazwe usiku ndani ya kopo kavu lenye kifuniko. Tena hakimfanyi kiziwi asikie kama wengine, bali hukuza sauti zote, na kelele pamoja nazo. Asemaye na ageuze uso wake, midomo ionekane.

Yabaki ile hatua ya nne, kurudi na kutazama. Hii ndiyo isahauliwayo kuliko zote, kwa sababu haina hotuba wala picha. Mwezi mmoja baada ya kumpa mwanafunzi chombo, msaidizi amwendee na kuuliza: Unakitumia? Lini ulikitumia mara ya mwisho? Ni nini kinachokuudhi? Akijibiwa, "Sikitumii," asikasirike. Pengine kisindano kimepotea, na kisindano kingine chaweza kutengenezwa kwa msumari butu uliotiwa kipini cha mti. Pengine fimbo ni fupi kwa kuwa kijana amerefuka. Pengine wenzake humcheka; basi kazi ya msaidizi siku hiyo ni kuzungumza na wenzake.

Na pengine karatasi zimekwisha. Karatasi ya daftari ni nyembamba, hupasuka, na nukta zake hulala baada ya kusomwa mara mbili. Yahitajiwa karatasi nene, na karatasi nene ni ghali. Lakini kalenda ya ukutani ya mwaka uliokwisha ina karatasi nene, wala kipofu hajali kilichochapwa juu yake. Kila nyumba yenye kalenda huitupa mwezi wa Januari au hufungia vitabu. Isitupwe. Ikunjuliwe, isafishwe vumbi, ipelekwe kwa mkatekista au kwa mwalimu wa shule iliyo karibu, naye aikate kwa kipimo cha kibao. Kalenda moja ya kurasa 12, ikikatwa vizuri, yaweza kutosha kwa masomo ya majuma kadhaa.